Sigara tatu kwa siku: je, unahitaji jojo ya nikotini ili uache?

"Dokta, mimi siyo mvutaji hivyo. Navuta tatu tu kwa siku."

Wateja hutuita dokta sote tunaosimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, na nimeshaacha kuwasahihisha. Huyu wa sigara tatu huja mara nyingi kuliko yule wa pakiti nzima. Anauliza kama kuna dawa ya kuachia sigara, na kabla sijafungua mdomo anajijibu mwenyewe: hizo dawa ni za wale walioshindikana, mimi nitaacha nikiamua. Ameamua mara nne tangu mwaka jana.

Kwenye neno lake kuna ukweli nusu. Jojo (chingamu) na vibandiko vya nikotini, yaani dawa zinazoupa mwili nikotini, kilevi cha sigara, bila moshi, vilijaribiwa zaidi kwa watu wanaovuta sigara kumi au zaidi kwa siku. Mwongozo wa serikali ya Marekani wa mwaka 2008 uliwaweka wavutaji wa chini ya kumi kwenye orodha ya watu ambao ushahidi wa dawa kwao haujatosha. Kwa hiyo anayesema "hizi hazikutengenezwa kwa ajili yangu" hajakosea sana.

Anakosea anapodhani sigara tatu ni kama hakuna. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, uliunganisha tafiti za miaka mingi na kukuta kwamba mtu wa sigara moja kwa siku anabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba mtu wa sigara ishirini. Wengi wangetarajia sehemu moja ya ishirini. Moyo na mishipa ya damu havipigi hesabu hiyo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayevuta kati ya moja na kumi kwa siku, au anayevuta wikiendi tu. Msimamo wangu niuseme mapema: idadi ya sigara haikuambii kama unahitaji nikotini ya dukani. Saa ya sigara ya kwanza ndiyo inayokuambia.

Hatua ya kwanza: andika wiki moja

Usiache bado. Chukua kijidaftari au simu, uandike kila sigara kwa siku saba, na wikiendi iwemo. Andika saa, mahali, ulikuwa na nani, na ulikuwa umetoka kufanya nini. Kama unatumia ugoro, tambuu yenye tumbaku au shisha, andika pia. Nimeona watu wa "sigara mbili tu" wenye kopo la ugoro mfukoni, na hao siwahesabu kama wavutaji wachache, yaani wa sigara chache, hata kidogo.

Watu wawili wanaweza kurudi na daftari za namna hii. Wa kwanza: *Jumatatu. Saa 12:40 asubuhi, uani, kabla ya chai. Saa 7:30 mchana, kibandani, baada ya wali. Saa 3 usiku, ngazini.* Jumanne vilevile, na Jumatano vilevile. Wa pili: *Jumatatu mpaka Alhamisi, hamna. Ijumaa usiku, saba, baa, na jamaa wa ofisini. Jumamosi, kumi, kwenye sherehe. Jumapili, nne, mpira.*

Hesabu zao: wa kwanza ishirini na moja kwa wiki, wa pili ishirini na moja kwa wiki. Ukiwauzia dawa ileile, mmoja wao umemla hela.

Hatua ya pili: soma ulichoandika

Swali la kwanza: kati ya kuamka na sigara ya kwanza zinapita dakika ngapi? Kipimo cha Karl Fagerström, mwanasaikolojia wa Sweden, kinatoa alama tatu kwa anayewasha ndani ya dakika tano, mbili kwa anayewasha ndani ya nusu saa, moja kwa anayewasha ndani ya saa nzima, na sifuri kwa anayengoja zaidi ya hapo. Katika kipimo hicho hicho, sigara kumi au chini yake kwa siku zinakupa sifuri. Ndiyo maana kwa mvutaji mchache saa ya asubuhi ndiyo inayobaki kuwa na la kusema.

Sababu yake ni hii. Nikotini hupungua mwilini kwa nusu takriban kila saa mbili. Ukilala kwa muda wa saa saba au nane, ya jana imeisha karibu yote. Anayeamka akatafuta kiberiti kabla ya mswaki anadaiwa na mwili. Anayeamka, akaoga, akapanda daladala, akafanya kazi mpaka jioni bila kukumbuka sigara, huyo hadaiwi na mwili. Anaitwa na baa, na jamaa, na bia. Tena wapo ambao ini lao huvunja nikotini polepole, hivyo tatu kwa siku zinawatosha kabisa kuwa waraibu.

Swali la pili: siku usiyovuta inakuwaje? Kwa anayefunga, Ramadhani imeshakujibu. Mwenye swaumu anakaa saa kumi na tatu na zaidi bila moshi. Kumbuka saa nne asubuhi ya siku ya kwanza. Kichwa kiliuma? Uligombana na konda kwa ajili ya chenji ya mia mbili? Na adhana ya magharibi ilipolia, mkono ulikwenda kwenye tende au kwenye sigara? Kama uliona arosto, yaani mwili kudai nikotini yake, arosto ni arosto, hata kwa mtu wa sigara tatu. Kama hufungi, tumia safari ndefu ya basi.

Swali la tatu ni la wale waliojipunguza. Uliyekuwa kumi na tano ukashuka hadi tano, angalia unavyovuta hizo tano. Mara nyingi mtu huvuta kwa nguvu zaidi, hushikilia moshi kifuani, humaliza mpaka kichungi kinachoma vidole. Wengi wa wavutaji wa sigara chache hutoa nikotini nyingi kwenye kila sigara kuliko mtu wa pakiti. Tano zako huenda zinafanya kazi ya kumi.

Hatua ya tatu: jipange kwenye kundi lako

Unavuta siku chache tu kwa wiki na hujawahi kuona arosto: usinunue. Nikotini ya dukani inaziba pengo la nikotini, na wewe huna pengo. Jaribio la jojo kwa watu wasiovuta kila siku, lililofanywa Marekani na timu ya Saul Shiffman na kuchapishwa mwaka 2020, halikuona tofauti kati ya jojo yenye nikotini na jojo tupu. Hela hiyo ibakize, uruke mpaka hatua ya sita.

Unavuta kila siku lakini sigara ya kwanza ni ya mchana au jioni: uko katikati. Anza bila dawa, ukiwa na mtu wa kukufuatilia. Nunua pakiti ndogo ya jojo au vidonge vya kumumunya vya miligramu 2 ukae navyo kwa zile saa mbaya tu.

Unavuta kila siku, na ya kwanza ni ndani ya saa moja tangu kuamka, au umeshajaribu kuacha ukashindwa ndani ya siku tatu kwa hasira na kukosa usingizi: tumia, na tumia ipasavyo. Kwa wavutaji kwa ujumla, nikotini mbadala huongeza nafasi ya kufanikiwa kwa asilimia 50 hadi 60, na wewe kwa tabia ya mwili wako uko nao, hata kama daftari linasema tano. Uchambuzi wa mwaka 2005 wa vidonge vya kumumunya ulikuta vinasaidia hata wanaovuta kumi na tano au chini ya hapo.

Kuna utafiti mmoja napenda kuwasimulia wateja, maana unaondoa ushabiki. Ulifanyika Kansas City, Marekani, ukachapishwa mwaka 2006. Wamarekani Weusi 755, wote wa sigara kumi au pungufu kwa siku, waligawanywa: baadhi wakapewa jojo ya nikotini ya miligramu 2, wengine jojo isiyo na kitu. Halafu wakagawanywa tena kwa namna ya kuzungumza nao. Kundi moja lilipewa elimu ya wazi: sigara inakufanya hivi, acha tarehe fulani, fanya hiki ukishikwa na hamu. Lingine lilipewa mazungumzo ya upole ya kumchimba mtu aitafute nia yake mwenyewe.

Baada ya miezi sita, waliopewa jojo ya kweli walikuwa wameacha asilimia 14.2, na wa jojo tupu 11.1. Pengo dogo, lisiloweza kutofautishwa na bahati. Lakini waliopewa elimu ya wazi walikuwa asilimia 16.7, na wale wa mazungumzo ya upole 8.5. Karibu mara mbili. Kwa hiyo mfamasia anayekuuzia jojo bila kukaa nawe dakika kumi amekupa sehemu ndogo ya dawa.

Hatua ya nne: chagua aina na dozi

Sigara moja humwachia mvutaji nikotini ya miligramu moja hadi moja na nusu hivi. Kibandiko kikubwa cha miligramu 21 ni cha mtu anayevuta zaidi ya kumi kwa siku. Ukikibandika wewe wa sigara nne, saa chache baadaye utaona kichefuchefu, jasho baridi, kizunguzungu, moyo kwenda mbio. Kisha utasema dawa ni mbaya. Dozi ndiyo mbaya.

Maelezo ya pakiti za vibandiko vya saa 24 humwelekeza wa sigara kumi au pungufu aanze na miligramu 14 kwa wiki sita, ashuke hadi 7 kwa wiki mbili. Kinamfaa wa sigara saba, nane, tisa zilizotawanyika kutwa nzima. Wa sigara tatu au nne mimi humpeleka kwenye jojo au kidonge cha kumumunya, kwa sababu hamu yake inakuja kwa saa maalumu na hana haja ya kumwagiwa nikotini mfululizo.

Jojo ziko za miligramu 2 na 4. Maelezo ya pakiti husema anayevuta ndani ya nusu saa tangu kuamka achukue 4, anayechelewa achukue 2. Kwa mvutaji mchache naanza na 2 hata akiwa wa asubuhi, na kupandisha tu kama ametafuna vizuri na hamu bado inamtesa. Karibu nusu ya kilichomo kwenye jojo ndiyo huingia mwilini, hivyo jojo ya 2 inakaribia sigara moja. Wa sigara tano atajikuta anatumia tano hadi nane kwa siku za mwanzo. Hiyo ni kawaida.

Muulize mfamasia au daktari kwanza kama una mimba au unanyonyesha, kama una umri chini ya miaka 18, kama umepata shambulio la moyo wiki mbili zilizopita, mapigo ya moyo yanakwenda ovyo, au kifua kinauma ukiwa umepumzika. Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi.

Vifuko vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo na sigara za kielektroniki zinazouzwa na makampuni ya tumbaku siyo hizi ninazozieleza. Nunua iliyosajiliwa kama dawa: kwa Tanzania, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), kwa Kenya, na bodi ya dawa, Pharmacy and Poisons Board. Jojo na vibandiko vimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, ila duka la mtaani linaweza kuwa halina. Jaribu maduka makubwa ya dawa ya mjini.

Hatua ya tano: itafune siyo kama jojo

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mteja anarudi siku ya pili, uso umekunjamana: "Dokta, ile kitu inanichoma koo, inaniletea kwikwi." Namwambia anionyeshe alivyoitafuna. Anatafuna kama mtoto aliyepewa jojo ya sikukuu, kachakacha, na kumeza mate. Nikotini yote imekwenda tumboni, ikapita kwenye ini na kuharibiwa kabla ya kufika kichwani, na imemwachia kiungulia tu.

Fanya hivi. Weka jojo mdomoni, itafune polepole, mara kumi hadi kumi na tano. Utasikia ukali kama wa pilipili manga au mchomo mwepesi. Acha kutafuna papo hapo. Ibane kati ya shavu na ufizi, uitulize hapo dakika moja hivi mpaka ukali upotee. Tafuna tena kidogo, ibane upande mwingine. Endelea hivyo nusu saa, kisha itupe. Nikotini huingia kupitia ngozi laini ya ndani ya shavu, na haiingii vizuri mdomo ukiwa na uchachu. Kwa hiyo dakika kumi na tano kabla ya jojo na wakati ipo mdomoni, usinywe kahawa, soda, juisi ya chungwa wala ukwaju. Maji hayana neno.

Usingoje hamu ikukamate shingoni. Kama daftari linasema sigara yako ni ya saa 12:40 asubuhi, jojo iwe mdomoni saa 12:25. Kwa kidonge cha kumumunya, usikitafune. Kiache kiyeyuke, ukihamishe shavu moja hadi jingine.

Kibandiko ni chepesi: ngozi kavu isiyo na nywele, mkono wa juu au kifua, bila mafuta wala losheni, ukikandamize sekunde kumi, na kila siku mahali papya. Kwa joto la Pwani, bandika baada ya kuoga na kujifuta vizuri, siyo baada ya kutembea juani. Ndoto zikiwa za kutisha, kitoe kabla ya kulala. Usikikate vipande. Ukikitoa kikunje, upande wa gundi ndani, ukitupe mtoto asipofika, maana bado kina nikotini.

Hatua ya sita: kibanda, kahawa na jamaa

Mvutaji mchache ana adui ambaye wa pakiti hana: sigara ya kununua moja moja. Kenya iliipiga marufuku kwenye sheria ya tumbaku ya mwaka 2007, lakini nenda kituo chochote cha basi ukaone. Mkebe wa sigara zilizofunguliwa, laita imefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya kibanda, sarafu ya mkononi inatosha. Hujawahi "kununua sigara", umenunua moja. Ndiyo maana huna pakiti ya kutupa siku ya kuacha, na huoni umetumia kiasi gani kwa mwaka. Piga hesabu: bei ya moja, mara tatu, mara 365. Iandike nyuma ya daftari.

Chagua tarehe ndani ya wiki mbili. Kisha kwa kila saa iliyo kwenye daftari, panga mahali pengine pa kuwa. Saa 7:30 mchana usipite kibandani. Mwombe mwenzako akununulie vocha au maji. Kama muuzaji anakufahamu, mwambie: "Kaka, ukiniona nataka fegi, ninyime." Wengi watacheka, na watakunyima.

Kwa wa wikiendi, hatua hii ndiyo matibabu yenyewe. Ijumaa mbili za mwanzo usiende baa. Hilo siyo la milele. Ya tatu nenda, lakini kaa na wasiovuta na rudi mapema. Usiombe ya mtu, hata pafu moja.

Tafuta mtu mmoja wa kumpigia simu siku ya kwanza, ya tatu na ya saba. Akiwa mhudumu wa afya ni bora zaidi. Kenya, namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupigwa bure.

Siku za mwanzo

Arosto hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na kwa wengi imepungua sana baada ya wiki mbili hadi nne. Kila wimbi la hamu hudumu dakika chache. Jojo ya nikotini inachukua muda kufanya kazi, kwa hiyo huku ukiisubiri tembea, nawa uso, kunywa maji.

Angalia kahawa na chai ya rangi nzito. Moshi wa sigara huharakisha ini kuvunja kafeini, na kinachofanya hivyo ni moshi, siyo nikotini. Ukiacha, vikombe vilevile viwili vinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Mikono inatetemeka, usingizi hakuna, na mtu anailaumu jojo. Punguza kahawa nusu kwa wiki ya kwanza. Kwa sababu hiyohiyo, anayetumia theophylline ya pumu, clozapine, olanzapine au warfarin amwambie daktari wake tarehe ya kuacha kabla haijafika, kwani dozi inaweza kuhitaji kubadilishwa.

Ukiteleza ukavuta moja ukiwa na kibandiko, usikitoe na usitupe mpango. Rudi kwenye daftari uandike saa, mahali, na nani. Ukiteleza mara tatu kwa wiki, basi ama dozi ni ndogo ama unaitafuna vibaya; rudi dukani uonyeshe. Kama umefanya yote na bado, kuna vidonge vya kuandikiwa na daktari. Jaribio la varenicline lililochapishwa Marekani mwaka 2022 liliwachukua Wamarekani Weusi 500 wanaovuta kila siku, wa sigara chache wakiwemo, wote wakipewa ushauri. Baada ya miezi sita, asilimia 15.7 ya waliopewa dawa walikuwa wameacha, dhidi ya 6.5 ya waliopewa kidonge tupu.

Kuiacha jojo yenyewe

Pakiti zinaeleza wiki kumi na mbili: sita za kutafuna kila saa moja au mbili, tatu za kila saa mbili hadi nne, tatu za kila saa nne hadi nane. Ratiba hiyo ni ya mvutaji mzito. Wa sigara tatu mara nyingi hujikuta ameshasahau jojo ya mchana wiki ya tano, na hakuna haja ya kujilazimisha kuitafuna kwa sababu pakiti imeandika. Anza kuondoa ile rahisi kwanza. Ya asubuhi iwe ya mwisho, na hata ukishaiondoa, bakiza mbili tatu kwenye droo, juu mtoto asipofika, kwa ajili ya harusi ya kwanza utakayoalikwa.